Sifongo na Mguu wa Wakoli

Watu wengi wanaopita katika hospitali ile ya misheni mjini Kitale hawajui kwamba nyuma ya maabara kuna kondoo. Ni kondoo jike wa makamo, mwenye doa jeusi sikioni, na wafanyakazi humwita Mfadhili, kwa sababu kazi yake ni kutoa bila kuuliza. Hachinjwi. Mara kwa mara hutolewa damu kidogo shingoni kwa sindano, kisha hufunguliwa arudi kwenye majani yake. Damu hiyo huchanganywa na agari, ule uji wa maabara unaoganda kama mchuzi wa kwato uliolala, na kumiminwa katika visahani vya plastiki. Juu ya uji huo ndipo wadudu wa magonjwa hupandwa na kupewa joto waote, ili daktari ajue anapigana na nani.

Anayepika uji huo ni Phelista Nabwile.

Alizaliwa Ndalu, upande wa Bungoma, akasoma sekondari Kimilili hadi kidato cha nne, na alipokosa nafasi ya kuendelea alikuja Kitale kufua shuka za wagonjwa. Kutoka kwenye shuka alihamishiwa maabara aoshe chupa. Kutoka kwenye chupa alifundishwa kupika. Wakubwa wake waligundua kwamba uji wake hautoki madonge na visahani vyake havioti ukungu, wakamwacha hapo. Mumewe alifariki mapema, na binti yake ameolewa Kimilili. Yeye mwenyewe anapanga chumba na jiko mtaa wa Tuwan, huimba sauti ya pili kanisani, na hasikiki sana kwingineko.

Ukimya wake ulijulikana. Maabara ni mahali pa siri: nani ana nini, mtoto wa nani amepatikana na kipi. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusema kwamba amesikia jambo la mgonjwa kutoka kwa Phelista. Akiulizwa na majirani, hujibu, "Mimi ni mpishi tu." Ndiyo maana kilichotokea kinashangaza hata sasa. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wa Phelista uliponza mguu, tena haukuwa wake.

Mwaka ule alikuja mtafiti mmoja wa chuo kikuu, Daktari Jeruto, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha ghafla. Alibeba sanduku la barafu, na ndani yake vichupa vidogo vya maji ya rangi ya chai. Alitaka wadudu wa vidonda sugu kutoka wodini, wale ambao dawa za kawaida zimewashindwa, awajaribie kilichomo vichupani.

"Ni nini hicho, daktari?" Phelista alimwuliza siku ya kwanza, wakinywa chai ya saa nne.

"Ni sifongo, mama. Wametolewa baharini, kusini mwa Mombasa. Wapiga mbizi wamewachukua kwenye miamba, sisi tumewasaga na kuwakamua."

Phelista alikiweka kikombe chini. Yeye hajawahi kuiona bahari. Sifongo alimjua kutoka mahali pamoja tu: Ijumaa Kuu, mtu anapokimbia, anachovya sifongo katika siki, anaitia juu ya mwanzi na kumpa Bwana pale msalabani.

"Sifongo ile ya Yesu?"

Jeruto akacheka. "Ndiyo hiyo hiyo. Kabla haijakauka, mama, ilikuwa mnyama."

"Mnyama! Yuko na macho?"

"Hana macho, hana mdomo, hana miguu. Amekaa tu kwenye jiwe, na maji ya bahari yanapita ndani yake mchana na usiku."

"Na hayo maji yana wadudu."

"Yamejaa bakteria na virusi. Sasa jiulize. Kitu hakikimbii, hakiumi, hakina hata ngozi ya maana, na hakiozi. Kinajilinda na nini?"

Phelista alifikiri. "Kiko na dawa yake."

"Kiko na dawa yake," Jeruto alikubali. "Dawa nyingine anaitengeneza mwenyewe, nyingine zinatengenezwa na bakteria wazuri wanaokaa ndani yake kama wapangaji. Zamani wataalamu walijifunza kwa sifongo wa bahari za mbali, wakapata njia ya kutengeneza dawa ya virusi, na nyingine ya saratani ya damu. Lakini kutoka mnyama mpaka dawa ni safari ndefu. Wengi wanafia njiani."

Maneno hayo ya mwisho Phelista aliyasikia. Baadaye alipojihukumu hakuweza kusema hakuyasikia.

Phelista alikuwa na kaka mmoja, Wakoli, mkulima wa mahindi pale pale Ndalu kwenye shamba la baba yao. Ndiye aliyemsindikiza Phelista hadi Kimilili siku ya kuanza sekondari, kwa miguu, sanduku la bati likiwa kichwani mwake, akitembea mbele bila kugeuka ili mdogo wake asimwone amechoka. Alikuwa mtu wa miguu. Baiskeli aliiona ni uvivu, na bodaboda ni uvivu uliotiwa petroli.

Kisukari kilimjia uzeeni na kikamla hisia za nyayo polepole. Wakati wa kusafisha shamba kabla ya mvua, bua kavu la mahindi, lile linalobaki limechongoka baada ya panga, lilipenya kandambili na kuingia unyayoni. Hakusikia. Linah, mkewe, mama wa mtoto wao Viola, ndiye aliyeona damu mlangoni akauliza nani amechinja kuku. Zahanati walimsafisha. Kidonda kikafunga juu, kikaoza chini. Walipomfikisha Kitale, vidole viwili vilikuwa vyeusi.

Sampuli ya kidonda ilipokuja maabara, Phelista ndiye aliyeipokea dirishani. Jina halikuwepo, ilikuwa na namba tu, lakini dada hahitaji kuambiwa namba ya kaka yake. Wadudu walipandwa, vikaratasi vya dawa vikawekwa juu yao: dawa ya kwanza, ya pili, zote zilizokuwepo kabatini. Kulipokucha, wadudu walikuwa wameota hadi kwenye kingo za kila kikaratasi, kama magugu yanayokumbatia mguu wa ghala.

Daktari wa upasuaji alimweleza Wakoli bila kuzunguka. Unyayo umekufa. Ukatwe sasa, chini ya goti, kabla sumu haijapanda. "Goti ni mali, mzee. Mwenye goti tunamtafutia mguu wa bandia, na analima." Wakoli aliomba apewe hadi mwisho wa wiki, afikirie.

Ni ndani ya wiki hiyo Jeruto alipojaribu vichupa vyake. Wadudu wa wodini walipandwa kwenye agari isiyo na damu, nyeupe kama uji wa mtoto, na kila kisahani kikawekewa matone ya sifongo. Asubuhi Phelista ndiye aliyevitoa kwenye kabati la joto. Katika vingi, wadudu walikuwa wameota hadi kwenye matone yenyewe. Kisha akafika kwenye namba anayoijua. Kulizunguka tone moja kulikuwa na duara safi, limefagiliwa, kama uwanja uliosiribwa kwa kuanikia nafaka ya wimbi. Wadudu walikuwa wamefika ukingoni mwake na kukoma.

Alikitazama kile kisahani hadi macho yakamwuma. Kisha akakiweka mahali pake, akanawa mikono, na saa ya kuwaona wagonjwa ilipofika akapanda wodini.

Wakoli alikuwa amelala akitazama dari.

"Kaka, usimwambie mtu," Phelista alisema, ameinama kama anayemrekebishia mto. "Kuna dawa ya sifongo wa baharini. Imeua wadudu wako."

"Wangu mimi?"

"Wako. Kwenye sahani. Nimeona kwa macho yangu."

Wakoli akaketi. "Imeua wote?"

"Pale ilipofika, wote."

"Basi hii mguu haikatwi."

"Sijasema hivyo, kaka. Ile ni ya kujaribu tu..."

"Nabwile." Alimshika mkono, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa mara ya kwanza tangu aletwe. "Wewe tangu uwe mtoto hujawahi kunidanganya. Ungekuwa mtu wa maneno mengi ningesema ni maneno. Dawa ikiwa tayari utaniletea nyumbani."

Alipaswa kusema hapana hapo hapo. Aliutazama ule uso, akaurekebisha mto kweli, akashuka. Siku iliyofuata Wakoli alimwambia daktari kwamba anakwenda Ndalu kungoja. Daktari alisema naye, na mwuguzi mkuu akasema naye, lakini mtu mzima halazwi kwa nguvu. Linah alimfunga mguu kwa bendeji safi, wakaondoka.

Jeruto alipopata habari kwamba mgonjwa wa kidonda sugu ameondoka kungoja dawa ya sifongo, hakuuliza nani alisema. Alimkuta Phelista akipima unga wa agari.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Ni kaka yangu."

Jeruto alivuta kigoda akakaa. Hakupandisha sauti. Phelista angependelea apandishe.

"Mama Phelista, kwenye sahani hata siki inaua. Chumvi inaua. Moto unaua vizuri kuliko dawa zote. Swali langu mimi si kama inaua. Swali ni inamwacha nani. Hilo bado sijauliza."

"Unauliza vipi?"

"Nitengenezee sahani za damu. Safi, bila wadudu. Nitaweka matone yale yale."

Phelista alimtoa Mfadhili damu mwenyewe, akapika, akamimina, akangoja igande, na Jeruto akaweka matone yake. Kesho yake asubuhi alikwenda dirishani na kisahani cha tone lile lililomfurahisha. Agari yote ilikuwa nyekundu ya kawaida, isipokuwa kulizunguka tone. Hapo wekundu ulikuwa umekwisha. Damu ilikuwa imepasuka na kuyeyuka, na palibaki duara la kupitisha mwanga kama kioo cha dirisha. Upana wake ulikuwa ule ule wa duara la kwanza.

Huko Ndalu nako, Linah hakuwa ameketi bure. Aliyoyafanya aliyasimulia mwenyewe baadaye, bila kujitetea. Aliposikia kutoka kwa mumewe kwamba dawa ni sifongo wa baharini na itachelewa, aliona hakuna haja ya kungoja watu wa maabara wamalize vikao vyao. Alikuja Kitale akazunguka maduka hadi akafika kwa Mohini, mama wa Kihindi mwenye duka la zamani la vitu vya nyumbani na shamba, ambaye rafu zake za juu hazijashushwa vumbi tangu enzi za baba mkwe wake. Mohini alipanda ngazi, akatafuta, akashuka na kitu cha rangi ya udongo, chepesi, chenye matundu.

"Mama, hii ilikuwa ya kuosha farasi wa wazungu. Hata mimi nimeikuta tu hapa."

"Imetoka baharini?"

"Baharini kabisa. Si ya kiwanda."

"Basi nifungie."

"Uko na farasi?"

"Niko na mzee."

Mohini alicheka hadi akashika kaunta. "Haya. Mwoshe vizuri."

Linah alifika nyumbani akaichemsha. Kisha akakumbuka Injili, na kwa kuwa katika Injili sifongo haitajwi bila siki, akaichovya katika siki, akaikandamiza kwenye kidonda na kuifunga kwa leso. Hakuna aliyemwambia kwamba sifongo ya dukani ni mifupa tu ya yule mnyama, imeoshwa ikabaki wavu mtupu, na kwamba chochote alichokuwa nacho cha kujilinda kiliondoka na nyama yake. Wakoli alisema inachoma. Linah akamwambia dawa ndivyo zilivyo. Hawakuifungua, ili ifanye kazi.

Ilipofika siku ya tatu alimpigia Phelista simu, akimwita wifi kwa lugha ya kwao, na sauti yake ilikuwa na haya. "Mulamwa, ile sifongo nimemfunga. Sasa mguu umepanda. Hata kandambili haiingii kwa ule uvimbe. Ni dawa inafanya kazi, ama?"

"Umemfunga nini?"

Linah akamweleza. Phelista alisikiliza hadi mwisho, ameshika ukuta.

"Fungua sasa hivi. Uoshe na maji yaliyochemshwa yakapoa. Mimi nakuja."

Alikwenda kwa Jeruto kuomba ruhusa, na akaomba kitu kimoja zaidi. Jeruto alisita. Kisha akakichukua kile kisahani cha damu, akakizungushia utepe. "Hiki hakina wadudu, ni damu ya kondoo na tone tu. Usikifungue. Mwonyeshe."

Harufu ilimpokea Phelista kabla ya mtu yeyote. Wakoli alikuwa ameketi nje, chini ya upenu, mguu umewekwa juu ya kigoda na kufunikwa shuka. Uso ulikuwa unang'aa kwa homa. Mbele yake mahindi yalikuwa yamefika kimo cha goti, ya kijani kibichi, yanangoja mbolea. Linah alisimama mlangoni mikono ikiwa imefumbwa ndani ya leso, ile leso yenyewe, iliyokwisha kufuliwa.

"Umeleta dawa?" Wakoli aliuliza.

"Nimeileta."

Akampa kisahani. Wakoli alikigeuza, akakinusa kwa mazoea ya mkulima, akakiinua kwenye mwanga.

"Hii nyekundu ni nini?"

"Damu. Ya kondoo, lakini yako ingefanya hivyo hivyo. Pale katikati ndipo daktari aliweka ile dawa ya sifongo. Ile iliyoua wadudu wako."

Kupitia lile duara lililo wazi Wakoli aliona mahindi yake. Alisogeza kisahani akaona ukuta wa jiko, akakirudisha akaona mahindi tena.

"Damu imeenda wapi?"

"Dawa imeipasua. Inaua wadudu, kaka, na inaua damu. Haijui kuchagua. Ukiwekewa mguuni itakula wao, halafu itakula wewe."

Kuku alipita chini ya kigoda, Linah akamfukuza kwa mguu.

"Unamkumbuka jirani wetu wa huko chini," Wakoli alisema mwishowe, "yule alipulizia shamba lote dawa ya magugu, ati amesoma kwenye kopo? Magugu yalikauka vizuri kabisa. Mahindi pia."

"Namkumbuka."

"Nilimcheka mwaka mzima." Akamrudishia kisahani taratibu. "Itajifunza lini kuchagua?"

"Daktari anasema ndani ya lile tone kuna vitu vingi vimechanganyika. Kingine kinaua wadudu, kingine kinapasua damu. Huenda ni viwili, wakavitenganisha. Huenda ni kimoja, na basi. Hata wakiweza, ni miaka."

"Miaka." Wakoli alitazama ile shuka. "Sasa siku zote hizi mimi nimekuwa nikingoja nini?"

"Ulikuwa unangoja neno langu, kaka. Lilikuwa neno bovu. Nimekuja kulichukua."

Linah hapo ndipo alipotoka mlangoni. "Unalichukua sasa, mulamwa? Sasa, mguu ukiwa hivi? Ungeniambia ni kitu cha kujaribu, si ningekaa? Mimi nimefunga mume wangu na kitu cha kuosha farasi kwa sababu wewe ulisema!"

"Nilisema."

"Hata hujibu!"

"Nijibu nini, Mama Viola? Ni kweli."

Machozi yalimtoka Linah, akayapangusa kwa ile leso, kisha akaitazama kana kwamba imemwuma, akaitupa juu ya ua.

"Wacheni," Wakoli alisema. "Wote wawili wacheni." Alikuwa anahema. "Mimi kisu sikiogopi. Nabwile, wewe ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo. Asubuhi ile ya tohara nimetoka mtoni na matope kichwani, nikasimama hapa hapa uwanjani kwa baba. Watu wa mama walikuwa wanatazama miguu yangu, kama itatikisika. Ilitikisika?"

"Haikutikisika."

"Hata kidole. Hizi ndizo zilinifanya mwanaume. Sasa naambiwa nimpe mtu moja akatupe." Akaivuta shuka ifunike vidole. "Na safari hii kisu kitanikuta nimelala."

Linah alikuja akapiga magoti kando ya kigoda, akaanza kumfunga bendeji mpya, polepole. "Utalala, Baba Viola," alisema bila kuinua kichwa. "Lakini utaamka. Mimi nataka mtu wa kuamka."

Wakoli aliwatazama wote wawili, kisha akaelekeza kidevu barabarani. "Mwiteni mwenye pikapu."

Ilikuwa pikapu ya jirani inayobeba mahindi. Walitandika magunia matupu nyuma, godoro juu yake, na Phelista akaketi amekiweka kichwa cha kaka yake mapajani njia nzima hadi Kitale.

Daktari wa upasuaji alikuwa yule yule. Alifungua bendeji, akabonyeza ngozi kwa kidole, akafuata wekundu ulipoishia. Kisha akachukua kalamu akachora mstari. Mstari ulikuwa juu ya goti.

Wakoli aliuona. "Ulikuwa umesema chini."

"Ule ulikuwa wakati ule, mzee."

"Ningekubali ile wiki, goti lingebaki?"

Daktari aligeuzageuza kalamu yake mkononi. Ni mtu mwema, na alikuwa anatafuta neno laini. Phelista alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda. Angeweza kumwachia yeye alitafute.

"Lingebaki," alisema.

Wakoli alimtazama kwa muda mrefu. Hakukuwa na hasira katika macho yale, na hakukuwa na msamaha. Alimtazama kama mtu anavyotazama mvua iliyokuja baada ya mavuno. "Haya," akasema. Kisha akamgeukia daktari. "Kateni. Lakini mguu wangu hautupwi. Utaenda nyumbani."

Aliamka. Homa ilishuka siku iliyofuata, na daktari akasema damu haikuwa imeingia sumu nyingi, kwamba amewahi kwa wembamba wa unywele.

Mguu alikabidhiwa Phelista. Kwa kuwa ni mtu wa hospitali, ilionekana ndiye atakayejua namna ya kuupokea. Hakuna anayejua namna ya kuupokea. Ulikuwa umefungwa katika shuka jeupe na mfuko, na ulikuwa mzito kuliko alivyofikiri, kwa sababu ulikuwa na goti. Alikwenda nao Ndalu katika ile pikapu, ameupakata.

Linah alikuwa amekwisha kuchimba. Alichimba mwenyewe kando ya migomba, akakataa kusaidiwa na wanaume. Mzee wa kanisa alikuja, akavua kofia, akafungua kitabu cha sala, akapekua mbele na nyuma, akakifunga. Hakukuwa na sala ya mguu. Aliomba tu kwamba Bwana aukumbuke hadi siku ambayo mwenyewe ataufuata, na hiyo siku iwe mbali. Watu wakasema amina. Hakuna aliyeimba, maana huimbii kaburi ambalo mwenyewe yuko hai.

Palitokea mabishano madogo kuhusu upande ambao vidole vielekee. Mmoja alisema mashariki. Mwingine akasema mguu wa mtu aliye hai lazima uelekee nyumbani, usije ukaondoka. Linah akakata shauri: utazame shamba. Phelista alishuka ndani ya shimo akaulaza hivyo, na alipotaka kutoka, ni Linah aliyempa mkono.

"Mulamwa," Linah alisema, bado ameushika. "Mimi sijakusamehe."

"Najua."

"Lakini jioni hii hurudi Kitale bila kula kwangu. Ugali umewekwa."

Walikuwa wanakanyaga udongo ushikane simu ilipolia. Ilikuwa Wakoli, kutoka wodini, sauti yake nyembamba lakini yake.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, kaka."

"Mmeuweka wapi?"

"Kwenye migomba. Unatazama shamba."

"Vizuri." Akapumua. "Yule daktari wako wa sifongo amekuja hapa. Anaomba kuweka wadudu wangu kwenye barafu. Ati ule mwaka watapata dawa inayojua kuchagua, waijaribu kwa hao wadudu kwanza."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia achukue. Wamekula mguu mzima, sasa wafanye kazi." Phelista akasikia kitanda kikilia chini yake, akijaribu kujigeuza upande ambao hakuuzoea. "Nabwile, mahindi yamefika wapi?"

Phelista alitazama. "Yamepita goti."

Alitamani angetumia kipimo kingine.

"Basi mbolea imechelewa," Wakoli akasema. "Mvua ikinyesha kesho, msiningoje mimi. Wekeni."